Kabla ya Kununua Dawa, Piga Picha ya Karibu

Leo siongelei mbegu wala mbolea. Naongelea simu iliyoko mkononi mwako, na kwa nini naona wengi wetu tunaitumia vibaya pale inapohitajika zaidi.

Kila wiki napokea picha kutoka mashambani. Ujumbe unakuwa mfupi: "Mtaalamu habari, hii ni nini, nipige dawa gani?" Ukifungua picha unakuta kijani kitupu kilichofifia, kidole gumba upande mmoja na kivuli cha mpigaji upande wa pili. Ukimwambia mtu apige nyingine, anakujibu kwamba ameshatoka shambani na yuko dukani anasubiri jina la dawa. Yaani uamuzi wa kutoa pesa umeshafanyika, kilichobaki ni mtu wa kuubariki.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watakaoupinga: mkulima wa biashara asiye na picha ya karibu inayosomeka hajui anapigana na nani, kwa hiyo hana sababu ya kununua dawa siku hiyo. Ile lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, ambayo mara nyingi bei yake haifiki bei ya chupa moja nzuri ya dawa ya wadudu, iwe kwenye orodha ya vifaa vya shamba pamoja na bomba, glavu na gambuti. Na sisi maafisa ugani tuache kutaja majina ya dawa kwa kuangalia picha ya ukungu. Hiyo ni ramli, tusiiite utaalamu.

Hasara inaanzia kwenye kutojua

Tuanze na nyanya, maana vijana wengi wameingia huko. Majani yanakuwa na vidoti vya njano, yanapauka, baadaye yanakauka kama yameunguzwa na jua. Mkulima anasema ni ukungu, anapiga dawa ya ukungu. Hakuna mabadiliko. Anasema basi ni wadudu, anachukua dawa ya wadudu iliyozoeleka, ya kundi la pairethroidi kama cypermethrin au lambda-cyhalothrin. Wiki inayofuata hali ni mbaya zaidi.

Ukigeuza lile jani na kulipiga picha kwa lenzi, unaona utitiri. Una ukubwa wa nusu milimita hivi, una miguu minane ukishakomaa, umekaa chini ya jani na utando wake mwembamba. Utitiri si mdudu kwa maana ya kundi lake, uko kwenye ukoo wa buibui na kupe. Dawa nyingi za wadudu haziuwezi. Pairethroidi mara nyingi zinaua maadui wake wa asili, wale wanaokula utitiri, kisha wenyewe unabaki unazaliana bila bughudha. Kwa hiyo huyu ndugu yetu hakukosa matokeo tu. Kalipia pesa ya kuwafugia utitiri wake.

Chukua mfano, halafu weka bei za kwako. Chupa ya dawa Sh 25,000, kibarua wa kupiga Sh 10,000. Mzunguko mmoja Sh 35,000. Ukikosea mara mbili kabla ya kupata dawa sahihi, Sh 70,000 imekwenda, hujahesabu maji, muda, wala majani yaliyokufa wakati unajaribu. Kwenye ekari moja ya nyanya ya mkopo, hiyo ndiyo pesa ambayo ingelipia mbolea ya kukuzia.

Sasa angalia kantangaze. Huyu alitokea Amerika ya Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 akathibitishwa hapa Tanzania. Kila mkulima wa nyanya anamjua kwa jina, lakini wengi wanamsingizia. Kuna inzi mdogo ambaye naye watoto wake wanachimba ndani ya jani. Yule wa inzi anachora mstari mwembamba unaojipinda kama njia ya nyoka. Kantangaze anakula sehemu pana, jani linabaki kama karatasi ya nailoni, na ndani unaona kinyesi cheusi. Ukifungua hilo eneo kwa ncha ya pini na kupiga picha kwa lenzi, jibu linakaa wazi: funza wa kantangaze ana kichwa cha kahawia na miguu, na nyuma tu ya kichwa ana alama nyeusi. Funza wa inzi hana miguu wala kichwa cha kuonekana. Hawa ni viumbe viwili tofauti na hatari zao kwenye zao lako hazilingani. Yule wa inzi mara nyingi anaishia kwenye majani. Kantangaze anaingia mpaka kwenye tunda, na tunda lenye tundu sokoni halina bei.

Kwa wenzangu wa vitunguu kule Ruaha Mbuyuni, shida kubwa ni thripsi. Wana urefu wa milimita moja au zaidi kidogo, wembamba, rangi ya njano iliyofifia, wanajificha kule majani yanakokutana. Wanakwangua jani linabaki na michirizi ya rangi ya fedha. Kwa mbali inafanana na jani lililokosa maji au kuunguzwa na mbolea. Nimekuta shamba linamwagiliwa kila siku kwa sababu mwenyewe anaamini ni kiu, kumbe ukichanua majani ya katikati thripsi wamejaa.

Na kwenye mahindi, viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017 bado wanachanganywa na funza wa mabua. Hapa lenzi inamaliza ubishi kwa dakika moja. Piga picha ya kichwa: kiwavijeshi vamizi ana alama nyeupe ya herufi Y iliyopinduliwa. Piga picha ya upande wa mkia: kwenye pingili ya pili kutoka mwisho ana madoa manne meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba. Akiwa mkubwa unaweza kuona kwa macho, lakini akiwa mkubwa tayari amezama kwenye moyo wa hindi na dawa haimfikii vizuri. Faida ipo ukimkamata akiwa mdogo, na hapo ndipo macho yanashindwa.

Kwa nini kamera ya simu peke yake haitoshi

Kijana mmoja aliniambia, "Mtaalamu, simu yangu ina kamera kali, navuta tu kwa vidole." Hapana. Ukivuta picha kwa vidole simu haisogei karibu na mdudu, inatanua kile ilichokwisha kukiona. Kama utitiri ulikuwa doti moja, utapata doti moja kubwa yenye ukungu.

Kamera kuu ya simu nyingi haiwezi kulenga kitu kilicho karibu sana. Ukifika chini ya sentimita 7 au 10 hivi, picha inafifia. Lenzi ya kubana ni kioo mbinuko tu, kama kile cha miwani ya kusomea lakini chenye nguvu zaidi. Kinaisaidia kamera kuona kitu kilicho karibu mno. Lenzi iliyoandikwa 10x inalenga vizuri ukiwa kama sentimita mbili na nusu kutoka kwenye jani. Hiyo inatosha kuona utitiri, mayai ya inzi weupe, na uyoga wa ukungu chini ya jani.

Msihangaike na lenzi zilizoandikwa namba kubwa mno. Kadri nguvu inavyoongezeka ndivyo unavyotakiwa kusogea karibu zaidi, ndivyo mwanga unavyozibwa na simu yenyewe, na ndivyo mtikisiko mdogo wa mkono unavyoharibu picha. Kati ya 10x na 15x panatosha kwa kazi zetu za shambani.

Kuna simu zinakuja na kamera ndogo ya picha za karibu ndani yake. Ijaribu, lakini usinunue simu kwa sababu hiyo. Kwenye simu za bei ya chini kamera hiyo mara nyingi ni ya megapikseli 2, na kamera kuu ikiwekewa lenzi ya kubana inaishinda. Kama hujapata lenzi, fundi wa redio anaweza kukutolea kilenzi kidogo kutoka kwenye deki mbovu ya DVD. Kibane juu ya kamera kwa kipande cha gundi ya karatasi, upande uliobinuka zaidi ujaribu huku na huku mpaka uone upi unakaa sawa. Si kifaa kizuri sana, lakini kinaonyesha utitiri.

Namna ninavyotaka upige

Nitaeleza kwa utaratibu kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo. Lenzi bila utaratibu ni pambo.

1. Futa kamera na lenzi kwa kitambaa laini cha pamba kilicho safi. Simu inayokaa mfuko mmoja na mabaki ya mbolea haiwezi kutoa picha safi.

2. Nenda asubuhi, kati ya saa 2 na saa 4. Upepo unakuwa bado mdogo na jua halijawa la utosi. Kwa bakajani chelewa asubuhi ndiyo saa yenyewe, kwa sababu ule ukungu mweupe chini ya jani unaonekana kukiwa na unyevu, mchana unakauka na kupotea. Mchana ukiwa hauna namna, jikinge kwa kofia au mwili ili jani liwe kwenye kivuli. Usitumie flashi, inang'arisha jani na kufuta madoa.

3. Piga picha nne kwa mpangilio: shamba, ili nione tatizo limeanzia pembeni au limetawanyika, mmea mzima, jani juu na chini, halafu ya lenzi, mdudu au doa lenyewe. Picha ya nne bila zile tatu za kwanza inaweza kupotosha. Mdudu mmoja kwenye jani moja si shambulio.

4. Kwa picha ya lenzi, shika jani kwa mkono mmoja na uegemeze mkono wenye simu juu ya huohuo unaoshika jani, ili vitikisike pamoja. Sogeza simu taratibu mpaka picha ikae wazi, usitegemee kugusa kioo ili ilenge. Bana pumzi, piga. Eneo linaloonekana vizuri kwa lenzi ya namna hii ni jembamba sana, milimita chache au pungufu, kwa hiyo jani likiwa limejikunja nusu yake itafifia tu. Piga picha 10, chagua moja, nyingine futa.

5. Weka kitu cha kulinganisha ukubwa. Rula ni bora. Kama huna, njiti ya kiberiti ina unene wa kama milimita 2, na kila mtu anaijua.

6. Fungua unachokishuku. Pasua tunda, chana bua, inua ngozi ya jani. Kwa utitiri na thripsi, gongagonga jani juu ya karatasi nyeupe kisha piga picha ya vidoti vinavyotembea. Kwa mmea unaonyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko bakteria. Piga picha ya glasi ikiwa na kitu cheusi nyuma yake. Picha hiyo moja inakuokoa usinunue dawa ya ukungu, kwa sababu haitakusaidia kitu.

7. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na ule undani wote ulioutafuta unapotea. Kisha andika: zao, aina ya mbegu, umri, tatizo lilianza lini, umepiga dawa gani na tarehe gani. Mistari mitano inatosha.

Wanaopinga wanasema nini

Hoja ya kwanza ninayoisikia: "Hiyo ni kazi ya afisa ugani, mimi kazi yangu kulima." Naielewa. Mmelipia kodi, mna haki ya kumwona mtaalamu shambani. Lakini afisa mmoja anahudumia kijiji kizima au zaidi, na utitiri wakati wa joto unaweza kutoka yai mpaka kukomaa ndani ya wiki moja. Ukinisubiri nifike siku tano zijazo, shamba halitanisubiri. Picha nzuri inanifanya nikujibu jioni hiyohiyo, na inaniambia kama natakiwa kuahirisha safari nyingine nije kwako. Haiondoi haki yako, inaipa kasi.

Hoja ya pili: "Siku hizi kuna programu za simu, unapiga picha inakuambia ugonjwa." Zipo, na nyingine ni nzuri. Nuru ya PlantVillage, iliyotengenezwa na watu wa chuo kikuu cha Penn State kule Marekani wakishirikiana na IITA na FAO, inafanya kazi hata bila intaneti, inatambua batobato na michirizi ya kahawia kwenye muhogo, na inazungumza Kiswahili. Itumieni. Ila programu nayo inasoma picha. Ukiipa ukungu, itakurudishia jibu la ukungu, tena kwa kujiamini. Na haijui kwamba juzi ulipiga dawa ya magugu karibu na mstari huo.

Hoja ya tatu inatoka kwa baadhi ya wauzaji wa pembejeo, ingawa hawaisemi wazi. Wapo waadilifu wengi, nawaheshimu. Lakini nimesimama kwenye duka ambapo mteja alieleza dalili kwa maneno matatu, akawekewa chupa tatu kwenye mfuko: ya ukungu, ya wadudu na ya "kuongeza nguvu". Mteja aliondoka ameridhika kwa sababu moja kati ya tatu ingepata. Huyo hajatibiwa, ameuziwa bahati nasibu. Mkulima mwenye picha kwenye simu anazungumza lugha nyingine dukani: "Nina utitiri, nataka dawa ya utitiri iliyosajiliwa na TPHPA, nionyeshe lebo." Muuzaji mwadilifu anafurahi kumpata mteja wa namna hiyo.

Hoja ya nne ni ya kweli na naikubali: picha haioni kila kitu. Haitakuambia tindikali ya udongo. Upungufu wa virutubisho unafanana na magonjwa mengi. Virusi havionekani kwa lenzi yoyote ya simu. Kwenye nyanya iliyopata rasta, lenzi haikuonyeshi kirusi, inakuonyesha inzi weupe chini ya majani ambao ndio wanaokisambaza. Kuna utitiri mwingine wa nyanya, ule unaofanya shina kuwa na rangi ya shaba kuanzia chini, una urefu wa kama milimita 0.2 na kwa lenzi hizi unaona kama vumbi tu. Hapo unapeleka sampuli kwa mtaalamu. Lakini kifaa kutojibu maswali yote si sababu ya kukiacha kisijibu yale kinayoyaweza.

Biashara ni kumbukumbu

Kuna jambo moja ambalo vijana wa biashara hamjalitilia maanani vya kutosha. Mnunuzi mkubwa, hasa wa maharage machanga na parachichi za nje, anauliza kumbukumbu za dawa. Viwango kama GLOBALG.A.P. vinataka uandike umepiga nini, lini, na kwa sababu gani. Hiyo "kwa sababu gani" ndiyo inayowaangusha wengi. Wanaandika "wadudu". Picha ya karibu yenye tarehe ndiyo sababu yako. Weka folda moja kwa kila zao na kila msimu. Msimu ujao utajua thripsi walianza kuonekana wiki ya ngapi baada ya kupandikiza, na utaanza kukagua kabla yake.

Na kuna afya zetu. Kila mzunguko wa dawa usio na sababu unapita kwenye mapafu ya mtu fulani, kwa kawaida kibarua asiye na barakoa, na unabaki kwenye nyanya anayokula mtoto wa mtu. Wadudu nao wanajifunza. Dawa moja ikipigwa ovyo mara kwa mara, wanaobaki ni wale isioweza kuwaua, na hao ndio wanaozaa. Tukiendelea kupiga ramli, siku tutakayoihitaji kweli dawa hiyo haitafanya kazi, na mwenye shamba la jirani aliyekuwa makini ataumia kwa ajili yetu.

Kwa hiyo ombi langu kwa msimu huu ni dogo. Nunua lenzi moja, au changeni watu watatu mwenye mashamba jirani mnunue moja. Kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi, tembea shambani kwa njia ya zigizaga, simama sehemu 10, geuza majani mawili kila sehemu, piga picha ya unachokikuta. Dakika 30 hazipiti. Jiwekeeni sheria nyumbani: bila picha inayosomeka, pesa ya dawa haitoki kwenye pochi. Ukiniletea picha ya namna hiyo na nikashindwa kuitambua, nitakuambia sijui, na tutaitafuta pamoja kwa wanaojua. Ukiniletea ya ukungu, kuanzia leo jibu langu litakuwa moja: rudi shambani, piga nyingine.